Swami Haridas, Tansen na Akbar: je, ni kweli kwamba mtawa alikuwa na muziki na mwimbaji wa kasri alikuwa na kivuli chake tu?

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Kila tunapozungumza kuhusu muziki wa kale wa India Kaskazini, kisa cha mfalme Akbar, mwimbaji wake Tansen na mtawa Swami Haridas hakichelewi kuletwa, na karibu kila anayekileta hukitumia kama hukumu iliyokwisha kutolewa: mtawa wa kichakani ndiye aliyekuwa na muziki wenyewe, na mwimbaji wa kasri aliuza kilichobaki. Nafungua uzi huu kwa sababu naona hukumu hiyo inawadhulumu watu walioubeba muziki huu kwa zaidi ya miaka mia nne, na inamdhulumu hata Haridas mwenyewe, ambaye alikuwa na mengi zaidi ya kumwaibisha mwanafunzi wake.

Kwa wasiokijua, kisa kiko hivi. Akbar, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, alimwuliza Tansen kama yuko mtu anayemshinda kwa kuimba. Tansen akajibu kwamba yuko mwalimu wake, Swami Haridas, anayeishi katika kichaka cha Nidhivan huko Vrindavan, ila hawaimbii wafalme. Akbar akavua mavazi ya ufalme, akajifanya mtumishi wa kubeba tanpura ya Tansen, ala ya nyuzi ya kumsindikiza mwimbaji, wakaenda pamoja. Haridas hakuimba. Ndipo Tansen akaanza kuimba yeye, akakosea kusudi, na mwalimu kwa kutoweza kulivumilia kosa la mwanafunzi wake akaimba ili amsahihishe, mfalme akasikia alichokifuata. Walipokuwa njiani kurudi, Akbar akauliza kwa nini Tansen haimbi vile, naye akamjibu kwamba yeye humwimbia mfalme wa India, ilhali mwalimu wake humwimbia Mfalme wa viumbe vyote.

Ni kisa kizuri, nami nakipenda. Lakini tukifuatilia kilikotoka, tunakuta mambo ya kutufikirisha. Abul Fazl, mwandishi mkuu wa Akbar, aliwaorodhesha katika Ain-i-Akbari wanamuziki 36 wa kasri, waliogawanywa katika makundi saba, kila kundi na siku yake ya juma. Tansen ndiye wa kwanza katika orodha hiyo, na mwandishi anasema kwamba mwimbaji kama yeye hajapata kuonekana India kwa miaka elfu. Kuhusu mwalimu wa Vrindavan hasemi neno. Nabhadas naye, aliyetunga Bhaktamal, mkusanyo wa beti za kuwasifu waja wa Mungu, karibu na mwaka 1600, anao ubeti mmoja juu ya Haridas. Anamsifu kwa uimbaji unaofanana na wa waimbaji wa mbinguni, anaeleza kwamba chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu Krishna aliwalisha tausi, nyani na samaki, na kwamba wafalme walisimama mlangoni pake wakitumaini kumwona. Wafalme wapo katika ubeti huo, na mlango upo, lakini Tansen hayupo na Akbar hakutajwa kwa jina. Kisa kamili chenye watu watatu kinajitokeza wazi katika karne ya 18, kwa mfano katika maandishi ya Nagaridas, yaani Savant Singh, mtawala wa Kishangarh aliyekuwa mja mkubwa wa Krishna, na katika picha zilizochorwa Rajasthan karne hiyo hiyo, ambamo Haridas ameketi mbele ya kibanda chake na mfalme yupo pembeni kwa unyenyekevu.

Sisemi kwamba watu hao hawakuweza kukutana. Vrindavan iko kama kilomita 70 tu kutoka Agra, na njia ya kwenda Delhi inapita karibu na hapo. Ninachosema ni kwamba kisa hiki ni ushahidi wa namna watu wa baadaye walivyouwazia muziki kuliko ushahidi wa nani alimfundisha nani.

Sasa tumtazame Tansen. Alitoka upande wa Gwalior, na Gwalior ndiyo sehemu ambayo kisa cha Vrindavan hutusahaulisha. Raja Man Singh Tomar, aliyetawala pale kuanzia 1486 hadi 1516, aliwakusanya waimbaji wakubwa wa zama zake, na chini ya ulezi wake dhrupadi iliimarika kuwa mtindo wenye heshima, ukiimbwa kwa lugha ya watu wa eneo lile badala ya Kisanskriti pekee. Mmoja wa mabingwa wa Gwalior, Nayak Bakhshu, baadaye alihamia kwa Sultani Bahadur Shah wa Gujarat, na zaidi ya miaka mia moja baadaye mfalme Shah Jahan aliamuru dhrupadi zinazonasibishwa naye zikusanywe, zikakusanywa elfu moja. Tansen alikulia katika hewa hiyo. Alipokuwa mtu mzima alimtumikia Raja Ramchandra wa Rewa, na mwaka 1562 Akbar alimtuma mjumbe wake, Jalal Khan Qurchi, kwenda kumchukua, na raja hakuwa na uwezo wa kukataa. Alipofariki mwaka 1589, Akbar aliamuru wanamuziki wote waisindikize maiti yake kwa nyimbo kama watu waendao harusini.

Kaburi lake lipo Gwalior mpaka leo, dogo na la wazi, kando ya kaburi kubwa la Sheikh Muhammad Ghaus wa tarika ya Shattari, walii aliyefariki karibu na mwaka 1563. Wapenzi wa Ghaus husimulia kwamba baba yake Tansen alipata mtoto kwa dua ya sheikh huyo na kwamba Tansen alikuwa muridi wake. Wafuasi wa Haridas wanasema alikuwa mwanafunzi wa Vrindavan. Wafuasi wa madhehebu ya Vallabha, ambao nao ni waja wa Krishna, wana masimulizi yao kwamba Tansen alijifunza kwa Govindswami, mmoja wa washairi wanane wanaoitwa Ashtachap. Basi mwimbaji mmoja ana walimu watatu watakatifu, na kila mmoja ameletwa na jamaa zake.

Naona hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mshahara wa mwimbaji ulitoka kwa mfalme, lakini idhini ya kuimba na kufundisha haikuweza kutoka kwa mfalme, kwa sababu mfalme hakuwa na silsila ya muziki. Ilibidi itoke kwa mtu ambaye utajiri haumgusi. Kadiri mwimbaji alivyokuwa mkubwa kasrini, ndivyo watu walivyohitaji kumpata walii nyuma yake. Vivyo hivyo kwa upande wa mtawa: ili ijulikane kwamba hawajali wafalme, lazima awepo mfalme wa kumkataa. Mtawa ambaye hakuna mfalme aliyewahi kumwendea hana namna ya kuonyesha kwamba hamtaki.

Kukataa huko kuna fasihi yake nzima. Kumbhandas, mwingine wa wale wanane, alikuwa mkulima maskini. Inasimuliwa kwamba aliitwa Fatehpur Sikri, mji wa kasri la Akbar, akaenda kwa miguu, akaimba mbele ya Akbar wimbo unaouliza mcha Mungu ana shughuli gani na Sikri, na unaolalamika kwamba viatu vimekwisha kwa kwenda na kurudi na jina la Hari, yaani la Krishna, limesahaulika. Kuhusu Govindswami inasimuliwa kwamba Akbar alimsikia kwa siri akiimba raga (mpangilio maalumu wa sauti) ya Bhairav, akamsifu kwa sauti, na tangu siku hiyo mtawa hakuitumia tena raga hiyo mbele ya Krishna, kwa kuwa ilikwisha onjwa na mwingine. Na kabla ya hao wote, huko Delhi, Nizamuddin Auliya wa tarika ya Chishti, aliyefariki mwaka 1325, alisema kwamba nyumba yake ina milango miwili, na sultani akiingia kwa mmoja yeye atatoka kwa mwingine. Muridi wake mpenzi alikuwa nani? Amir Khusrau, mshairi aliyeishi kwa kula mkate wa masultani maisha yake yote, na ambaye waimbaji wa kawali hadi leo humhesabu kuwa baba yao. Amezikwa hatua chache tu kutoka kwa sheikh wake. Mfano wa Haridas na Tansen ulikuwapo tayari miaka mia mbili na zaidi kabla yao.

Tena tusidhani kwamba Vrindavan ilikuwa mbali na hazina ya dola. Akbar alitoa hati za kuwapa mahekalu ya eneo lile ardhi na misamaha ya kodi. Hekalu kubwa la Govindadeva, lililokamilika mwaka 1590, lilijengwa na Man Singh wa Amber, jemadari wa Akbar (huyu ni mwingine, si yule wa Gwalior), kwa mawe mekundu ya aina ile ile iliyojenga Fatehpur Sikri. Ndani ya mahekalu, nyimbo za ibada ziliimbwa kwa mtindo wa dhrupadi na wa dhamari, kwa ngoma ya pakhawaji, yaani kwa ala na mpangilio ule ule uliosikika kasrini. Mtunzi wa kasri alimwimbia Krishna, na mtunzi wa hekalu alitumia ufundi uliokuzwa kwa fedha za wafalme. Hapakuwa na ukuta kati yao.

Nangojea michango yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na nakushukuru. Mimi ni mtu wa Mombasa, na katika madrasa tulilelewa tukiambiwa kwamba kasida inayosomwa kwa nia ya kumsifu Mtume na kasida ile ile inayosomwa kwa ajili ya kutunzwa fedha si kitu kimoja, hata sauti ikiwa moja. Je, kisa cha Haridas hakisemi jambo hilo hilo? Huenda historia yake ni dhaifu, lakini mafunzo yake yana ukweli. Nia huonekana katika sauti.

Mleta uzi

Ndugu yangu, jambo la nia silikatai, na wala wanamuziki wenyewe wa India hawalikatai. Lakini nakuomba utazame nyimbo. Dhrupadi zinazonasibishwa na Tansen zimo zinazomsifu Akbar, zimo zinazomsifu Shiva, zimo za Krishna na mungu wa kike Saraswati, na zimo za kuwasifu mawalii wa Kiislamu na Mtume. Ukimwita mwimbaji wa mfalme, nyingi kati ya nyimbo hizo huna pa kuziweka. Ukimwita mcha Mungu, basi itakubidi ueleze zile za mfalme. Kwa mtu wa zama zake hilo halikuwa tatizo, kwa sababu mfalme mwema naye alihesabiwa kuwa kivuli cha Mungu duniani, na kumsifu kwa raga iliyo sahihi ilikuwa sehemu ya kuuweka ulimwengu sawa.

Tena, Haridas mwenyewe tunazo nyimbo zake. Kuna Kelimal, mkusanyo wa tungo zaidi ya mia moja kwa lugha ya Kibraj, na kuna tungo chache za mafundisho. Kelimal haisemi lolote kuhusu wafalme wala kuhusu umaarufu wa mtunzi. Inawatazama Krishna na mpenzi wake Radha wakicheza, wakiimba na kupendana ndani ya kichaka kisichokuwa na wakati, na mshairi amesimama kando kama rafiki wa kike wa Radha, asiyetaka chochote ila kuendelea kutazama. Humo mna majina ya ala, mna mdundo na hatua za ngoma, na Krishna na Radha wenyewe ndio wanamuziki. Hii ndiyo sababu nilisema kwamba kisa cha Akbar kinampunguza Haridas: kinamfanya mtu ambaye ukubwa wake unapimwa kwa kuwa mfalme alimwendea, ilhali katika mashairi yake mfalme hana hata nafasi ya kukaa.

Mchangiaji wa pili

Samahani kwa kuingilia. Naona wanaotajwa wote ni wanaume. Mirabai yuko wapi? Yeye alikuwa wa kasri kwa kuzaliwa na mcha Mungu kwa kuchagua, na nyimbo zake hata wasiojua Kihindi wanazijua.

Mleta uzi

Dada, umeuliza jambo lenye uzito. Mirabai alikuwa binti wa ukoo wa Rajput kutoka Merta, akaolewa katika nyumba ya kifalme ya Mewar, na masimulizi yanasema kwamba aliwakimbia wakwe zake ili aimbe na kucheza mbele ya Krishna pamoja na watu wa kawaida. Katika habari zake utaona jambo linalotia nguvu hoja yangu: Priyadas, aliyeandika ufafanuzi wa Bhaktamal mwaka 1712, anasimulia kwamba Akbar alikwenda kumwona Mirabai akiwa amefuatana na nani? Na Tansen. Ni mfalme yule yule na mwimbaji yule yule, wakiwa mbele ya mtakatifu mwingine. Kwa mapokeo ya kawaida Mirabai alifariki katikati ya karne ya 16, naye Akbar alizaliwa mwaka 1542, kwa hiyo mkutano huo hauelekei kabisa kuwezekana. Lakini kufikia karne ya 18 wasimulizi walikwisha kuzoea kwamba mtakatifu mwenye sauti lazima aendewe na watu hao wawili.

Wako pia wanawake ambao hawakuwa watakatifu mbele ya jamii. Waimbaji wa kike wa Lucknow na Benares ndio waliouinua mtindo wa thumri, ulioshamiri Lucknow zama za Nawab Wajid Ali Shah, aliyetawala kuanzia 1847 hadi Waingereza walipomwondoa mwaka 1856. Maneno ya thumri kwa sehemu kubwa ni ya Radha anayemngoja Krishna, anayemlaumu, anayemwomba aiachie mitungi yake ya maji njiani. Mwanamke Mwislamu aliyeimba maneno hayo katika baraza la nawabu alikuwa akifanya ibada, burudani au kazi? Gauhar Jan, aliyerekodiwa Calcutta mwaka 1902 katika rekodi za kwanza za kibiashara nchini India, alikuwa wa tabaka hilo. Wanawake hao walikuja kuitwa wachafu na watu waliojiita watakasaji wa muziki, kisha nyimbo zao zikachukuliwa na kuimbwa na wengine katika kumbi zenye heshima. Jambo hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nauliza kwa nia njema. Umesema hukumu ya kisa hiki inawadhulumu watu. Ni akina nani hasa? Kisa cha miaka mia nne iliyopita kinamwumiza nani leo?

Mleta uzi

Nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, kwa kuwa hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Baada ya Tansen, muziki ulibaki katika mikono ya familia za waimbaji na wapigaji ala, na walio wengi kati yao walikuwa Waislamu. Mwanawe Bilas Khan anatajwa kuwa mtunzi wa raga ya Bilaskhani Todi. Mkwe wa Bilas Khan, Lal Khan, alipewa na Shah Jahan jina la heshima lenye maana ya bahari ya ustadi. Upande wa binti wa Tansen, mapokeo yanamtaja Naubat Khan, mpigaji wa ala ya vina, na katika ukoo huo alitokea Niamat Khan, aliyejulikana kwa jina la Sadarang, katika kasri la Muhammad Shah huko Delhi kati ya 1719 na 1748. Huyo Sadarang ndiye aliyeupa uimbaji wa khayali sura na hadhi ambayo imeufanya kuwa mtindo mkuu hadi leo, na katika tungo zake jina la mfalme wake limo pamoja na mapenzi ya Krishna. Dola ya Wamughali, yaani ya ukoo wa Akbar, ilipodhoofika, waimbaji walitawanyika Gwalior, Rampur, Jaipur, Darbhanga, Bettiah na kwingineko, wakafundisha watoto na wanafunzi wao kwa kumfunga mwanafunzi uzi mkononi na kumfundisha kwa mdomo, kwa miaka mingi, bila kuandika.

Kisha katika mwanzo wa karne ya 20 yakaja mageuzi. Vishnu Digambar Paluskar alifungua shule yake ya muziki mjini Lahore mwaka 1901, ambamo watoto wa nyumba za kawaida walijifunza kwa ada na kwa vitabu vya nota, masomo yakiambatana na sala na nyimbo za ibada. Alifanya kazi kubwa, na bila yeye pengine watu wa tabaka la kati, hasa wanawake wa nyumba za heshima, wasingeupata muziki huu. Lakini shule hizo zilikuja na habari fulani ya zamani: kwamba muziki ulikuwa wa watawa, ukatekwa na makasri, ukaharibika mikononi mwa maustadhi wasiosoma, na sasa unarudishwa hekaluni. Habari hiyo ilisahau kwamba mwalimu wa Paluskar mwenyewe, Balkrishnabuwa Ichalkaranjikar, alitoka katika silsila ya Hassu Khan na Haddu Khan, waimbaji wa kasri la Gwalior. Baadaye B. V. Keskar, waziri wa habari na utangazaji wa India kuanzia 1952 hadi 1962, aliandika waziwazi kwamba wanamuziki wa Kiislamu ndio waliouondolea muziki roho yake ya kidini. Alikuwa na mamlaka juu ya redio ya taifa, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mlinzi mpya wa wanamuziki baada ya makasri kufungwa. Basi unaona kisa cha Haridas na Tansen kinavyoweza kugeuka kuwa silaha. Haridas anafanywa kuwa Mhindu safi, Tansen anafanywa kuwa mtu aliyeuza, na wajukuu wake wanafanywa wageni katika nyumba waliyoijenga.

Nawaomba mlitazame jambo la familia ya Dagar kando ya maneno hayo. Ni familia ya Kiislamu iliyoimba dhrupadi kizazi hadi kizazi. Yeye anayetajwa sana kati ya wazee wao, Behram Khan wa karne ya 19, alikuwa katika kasri la Jaipur na alisifika kwa elimu ya Kisanskriti. Dhrupadi huanza na alapa, sehemu isiyokuwa na ngoma, ambamo mwimbaji anaijenga raga sauti moja baada ya nyingine kwa silabi zisizokuwa na maana ya wazi, na inaweza kuchukua saa nzima. Maustadhi wa Dagar walifundisha kwamba silabi hizo zimetokana na maneno ya kumtaja Hari na Narayan. Waislamu hao walifunga Ramadhani, wakasali, na kila alfajiri wakaketi na tanpura wakazirudia silabi hizo, kwa sababu ndivyo walivyopokea kwa baba zao. Makasri yalipofungwa baada ya 1947, mtindo huu ulikaribia kukatika. Nasir Moinuddin na Nasir Aminuddin walikwenda kuimba Ulaya mwaka 1964 na kuufanya usikike nje. Zia Mohiuddin alipiga vina kubwa kwa utulivu ambao sijausikia kwa mwingine. Na mdogo wake Zia Fariduddin alifundisha katika kituo cha dhrupadi cha Bhopal kilichoanzishwa mwaka 1981, ambako wanafunzi wengi walikuwa Wahindu, mmoja wao Uday Bhawalkar, ambaye leo ni miongoni mwa wabebaji wakuu wa silsila hiyo. Ni nani hapo mwalimu wa ibada, na ni nani mwanamuziki wa kasri?

Mchangiaji wa kwanza

Nimeridhika na sehemu hiyo, ingawa suala la nia bado nalishikilia. Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi wa filamu za Kihindi na alikuwa akiusifu sana wimbo wa ibada wa Mohammed Rafi katika filamu ya Baiju Bawra, filamu ambayo nayo ina Tansen na Haridas ndani yake. Je, filamu hiyo inafuata hukumu unayoikataa?

Mleta uzi

Kwa hadithi yake, ndiyo. Filamu hiyo ya mwaka 1952 inamfanya Baiju kuwa mwanafunzi wa Haridas anayemshinda Tansen mbele ya Akbar, na sauti ya moyo inaushinda ufundi wa kasri. Lakini wimbo aliousifu marehemu baba yako, Mungu amrehemu, ni wa kumlilia Hari ajionyeshe, uko katika raga ya Malkauns, na waliouleta ni watatu: maneno ni ya Shakeel Badayuni, muziki ni wa Naushad, sauti ni ya Rafi. Wote watatu walikuwa Waislamu. Katika shindano la mwishoni, sauti ya Tansen ni ya Ustadhi Amir Khan na sauti ya Baiju ni ya D. V. Paluskar, mtoto wa yule Paluskar wa Lahore. Kuhusu nia, basi, nakuachia wimbo huo, kwa sababu sidhani kwamba kuna msikilizaji aliyewahi kuusikia akasema nia haimo.

Mchangiaji wa pili

Ombi la mwisho kutoka kwangu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuusikiliza muziki huu, aanzie wapi? Na je, kumbukumbu ya Tansen inaadhimishwa?

Mleta uzi

Inaadhimishwa kila mwaka Gwalior, kwa kawaida mwezi wa Desemba, katika tamasha linaloitwa Tansen Samaroh. Usiku wanaimba na kupiga mabingwa wa nchi nzima, lakini mimi napenda zaidi ufunguzi wake wa asubuhi kaburini, kwa maana hupigwa zumari ya shehnai, yakasimuliwa masimulizi ya Hari kwa wimbo, na maulidi yakasomwa papo hapo. Kando ya kaburi upo mkwaju, na waimbaji wana desturi ya kutafuna majani yake wakitumaini kupata sauti.

Kuhusu kusikiliza, nakushauri usianze na rekodi fupi. Tafuta Darbari Kanada, raga ya usiku wa manane ambayo mapokeo yanaihusisha na Tansen katika baraza la Akbar, iliyoimbwa na Ustadhi Amir Khan, na uisikilize usiku, kwa sababu raga hizi zina nyakati zake na Darbari ikisikilizwa mchana inapoteza nusu ya uzito wake. Baada ya hapo tafuta alapa yoyote ndefu ya vina ya Zia Mohiuddin Dagar. Kwa dakika kumi za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea, kwa kuwa anakaa katika sauti moja ya chini akiizunguka na kuirudia. Usiikatize. Kisha usikilize nyimbo za havelini, yaani za mahekalu ya madhehebu ya Vallabha, zinazoimbwa kwa zamu za siku mbele ya Shrinathji, sanamu ya Krishna iliyohamishwa kutoka kilima cha Govardhan hadi Nathdwara mwaka 1672. Utasikia pakhawaji ile ile na hesabu ile ile ya midundo kumi na miwili au kumi na minne, ila hapo sauti ni za kundi na mwendo ni wa haraka zaidi. Ukishasikiliza zote tatu, rudi hapa utueleze ulichokisikia, hasa kama umeweza kutambua ni ipi iliyotoka kasrini.